Mbele ya Kusimika Hema, Uliza Nani Alilala Hapa

TUTEMBEE, TUJIFUNZE: ukurasa wa familia na vijana



Kwetu katika miji ya madini neno "kambi" lina maana nyingi. Muzee akilisikia, anaona nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mustari kwa mustari, sirene ya asubuhi, na wamama wanaongojea poso. Kijana wa Kolwezi akilisikia, anaona hema za plastiki kando ya shimo la wachimbaji. Mutoto wa kanisa akilisikia, anawaza likizo kubwa, gitare, moto wa usiku na mafundisho ya Biblia. Neno ni moja, lakini usingizi wa watu hao watatu si mumoja.

Mwezi huu tutatembea kwa hema katika Alabama, jimbo moja la kusini ya Marekani. Visa haitakiwi, tiketi haitakiwi. Tuweke karte juu ya meza, na watoto wakaribie. Ukubwa wa Alabama ni karibu sawa na Haut-Katanga, inazidi kidogo tu. Nayo ni inchi ya mashimo, ya makala ya mawe na ya chuma. Tutashuka toka milima ya kaskazini mpaka bahari, na kila mahali tutakaposimika hema tutauliza swali moja: nani alilala hapa mbele yetu?

Swali hili si langu. Yakobo alilala njiani na jiwe chini ya kichwa, na asubuhi akashangaa kwa sababu hakujua ni mahali pa namna gani (soma Mwanzo 28). Watu wengi wanatembea dunia hii vile. Wanalala, wanakula, wanapiga picha, wanarudi, na hawajui walilala wapi.

JUU YA MILIMA

Tuanzie karibu na muji mudogo wa Fort Payne, kwenye parke ya DeSoto, juu ya mulima Lookout. Kule kuna muto unaoitwa Little River. Unatembea juu ya mulima wenyewe, kiisha unaingia katika bonde lenye kuta za mawe kila upande. Maporomoko ya DeSoto yanaanguka meta 32 hivi. Sisi wenye Lofoi, inayoanguka zaidi ya meta 300, tusicheke. Uzuri haupimwi kwa meta peke yake.

Ukishuka kusini kidogo unafika Cheaha, mulima murefu kuliko yote ya jimbo. Kilele chake ni meta 735 hivi juu ya bahari. Kolwezi yetu inapita meta 1,400. Ni kusema mama wa Kolwezi anayelala ku kitanda chake analala juu karibu mara mbili kuliko mugeni aliyesimika hema ku kilele cha Alabama!

Vijana, angalieni tena zile nyumba za mawe na njia za miguu ndani ya parke hizi. Nyingi zilijengwa na vijana sawa ninyi. Katika miaka ya 1930 kazi ilikosekana inchi yote ya Marekani. Toka 1933 mpaka 1942 serikali iliwakusanya vijana wasio na kazi katika kambi, wapande miti, wafungue njia, wajenge. Walilipwa dolari 30 kwa mwezi, na 25 kati yake zilienda kwa wazazi. Hata leo, nyuma ya miaka karibu 90, wageni wanalala katika nyumba walizozijenga.

Lakini mbele yao, nani? Fort Payne zamani iliitwa Willstown, kijiji cha watu wa kabila la Cherokee. Pale aliishi mutu anayeitwa Sequoyah. Hakujua kusoma Kiingereza hata kidogo, lakini aliona kama wazungu wanatuma maneno yao juu ya karatasi, akawaza, "Na sisi je?" Karibu na mwaka wa 1821 alikuwa amekwisha kutengeneza alama zaidi ya 80 za kuandika luga ya kwao, na watu wake walijifunza kusoma upesi sana. Kiisha, mwaka wa 1838, askari walijenga boma palepale, wakawakusanya Wacherokee na kuwapeleka magaribi kwa nguvu, ili udongo wao upewe wengine. Maelfu walikufa katika safari ile. Jina la muji wa leo ni jina la lile boma. Hema letu la kwanza liko pale.

BIRMINGHAM, NDUGU YA LIKASI NA LUBUMBASHI

Muji wa Birmingham ulianzishwa mwaka wa 1871, pahali njia mbili za reli zilikutana. Sababu yake kila mutu wa madini anaielewa bila mwalimu. Kwa kuyeyusha chuma unahitaji vitu vitatu: mawe ya chuma, makala ya mawe, na mawe ya chokaa. Katika inchi nyingi vitu hivyo viko mbali mbali. Pale vyote vitatu vinapatikana karibu karibu. Muji ukakua mbio sana, mpaka watu wakauita muji wa miujiza.

Leo mugeni anaweza kuingia ndani ya Sloss, fabriki ya zamani ya chuma. Matanuru yake yaliwashwa mwaka wa 1882 na kuzimwa mwaka wa 1971. Kwetu fabriki ikifungwa, tunajua habari inayofuata: vyuma vinakatwa usiku, vinauzwa kwa kilo. Watu wa Birmingham walikataa isivunjwe. Mwaka wa 1983 ikafunguliwa kuwa nyumba ya kumbukumbu. Watoto wa shule wanapita chini ya mabomba makubwa, wanafundishwa babu zao walisimama wapi, na joto lilikuwa namna gani. Juu ya mulima Red Mountain, pale mawe ya chuma yalichimbwa, sasa kuna parke ya kutembea yenye hekta 600 hivi. Milango ya mashimo ya zamani inaonekana kati ya miti.

Mbali kidogo, upande wa kusini-magaribi, kuna Tannehill, na hapo ndipo tunasimika hema la pili. Ni pazuri kwa familia: kijito, miti mirefu, nafasi nyingi za hema, na katikati matanuru ya mawe, marefu sawa nyumba za orofa. Mawe yale yalikatwa na kupandishwa na watumwa weusi, mbele ya vita vya Marekani na wakati wa vita. Chuma kilichotoka pale kilitengeneza silaha za upande uliotaka utumwa uendelee. Fikiri neno hilo: mutu anachoma chuma cha kufungia mikono yake mwenyewe! Tarehe 31 mwezi wa tatu 1865 askari wa kaskazini walifika, wakaichoma fabriki, na moto wa matanuru ukazimika.

Utumwa uliisha kwa sheria mwaka ule wa 1865. Lakini shimo linahitaji mikono, na wakubwa walitafuta njia nyingine. Mutu mweusi alikamatwa kwa neno dogo, hata kwa kutembea bila kazi. Alihukumiwa, na serikali ikamukodisha kwa kompanyi achimbe makala. Tarehe 8 mwezi wa ine 1911 shimo la Banner, karibu na Birmingham, lililipuka. Watu 128 walikufa, na wengi wao walikuwa wafungwa weusi waliokodishwa namna ile. Alabama iliacha kukodisha wafungwa mwaka wa 1928 tu, nyuma ya majimbo mengine yote.

Na wana wa Mungu walikuwa wapi? Walikuwa pande zote mbili, na ndiyo maumivu yenyewe. Siku ya Mungu, tarehe 15 mwezi wa kenda 1963, watu wenye chuki waliweka bombe katika kanisa la Baptisti la 16th Street, ndani ya Birmingham. Mabinti wane waliuawa, watatu wa miaka 14 na mumoja wa miaka 11. Walikuwa wanajitayarisha kwa ibada. Kanisa lile lingali linasimama, na watu wanaabudu ndani yake mpaka leo.

KIJIJI CHA MAMA MARIA

Sasa tugeuke magaribi. Tunapita Moundville, pahali watu wa zamani wa Amerika walirundika udongo wakatengeneza vilima karibu 30 kwa mikono yao, kimoja chenye meta 18 hivi. Walikaa pale toka karibu mwaka wa 1000 mpaka 1450, na walivaa mapambo ya shaba. Katika nyakati zile wazee wetu wa Sanga, kando ya ziwa Kisale, nao walizika wafu wao pamoja na vitu vya shaba. Wala wale hawakujua habari ya hawa.

Kiisha tunafika Gainesville, kijiji kidogo. Wageni wengi wanakipita mbio. Sisi Waprotestanti wa Kongo tusikipite.

Mwaka wa 1838, karibu na kijiji hicho, alizaliwa mutoto mutumwa jina lake Maria Fearing. Alikuwa mutumwa mpaka miaka 27. Alijifunza kusoma akiwa na miaka 33, katika shule ya Talladega, kati ya watoto wadogo. Akawa mwalimu, akajinunulia nyumba. Siku moja akamusikia Muchungaji William Sheppard, mumisionere mweusi, akisimulia habari za Kasai. Maria akasema, "Naenda." Wakubwa wa misioni wakakataa kumulipia, kwani alikuwa amekwisha kufikisha miaka 56. Akauza nyumba yake, akalipa safari mwenyewe. Mwaka wa 1894 akapanda mashua.

Alifanya kazi Luebo miaka karibu 20. Wakati ule watoto wasichana walikuwa wanauzwa. Mama Maria, aliyezaliwa mutumwa, aliwakomboa kwa chumvi, kwa nguo, kwa vyombo, akawalea katika nyumba moja, akawafundisha kusoma, kushona na kumujua Mungu. Watu walimuita Mama wa Mputu. Aliachilia kazi ile mwaka wa 1915, akafa kwao Alabama mwaka wa 1937, akiwa karibu na miaka 100.

Bibi ya Sheppard, Mama Lucy Gantt, alizaliwa Tuscaloosa, muji jirani wa Moundville, na Sheppard mwenyewe alisoma mambo ya kichungaji katika muji uleule. Mwenzake Samuel Lapsley, muzungu, alizaliwa Selma mwaka wa 1866. Mweusi na mweupe, wana wa kusini ileile yenye chuki, walifika Luebo pamoja mwaka wa 1891. Lapsley alikufa Matadi mwaka wa 1892, hajafikisha miaka 26. Sheppard akaendelea. Mwaka wa 1899, katika kambi ya wapiganaji waliotumwa kutoza kodi, alihesabu mikono 81 ya watu iliyokatwa, ikikaushwa juu ya moto. Hakunyamaza. Aliandika, na mwaka wa 1909 kompanyi ya mpira ikamushitaki Léopoldville. Akashinda.

Wababa wengi wanaosoma ukurasa huu, babu zao walitoka Kasai na treni kuja kufanya kazi katika mashimo ya Katanga. Pengine bibi mumoja alikuja na wimbo wa Mungu uliofundishwa Luebo. Wimbo ule ulipitia mikononi mwa mama mutumwa wa Gainesville.

USIKU INE NJIANI

Hema la tatu tulisimike kati ya Selma na Montgomery. Selma ina daraja la chuma juu ya muto Alabama. Tarehe 7 mwezi wa tatu 1965 watu karibu 600 walitaka kulivuka kwa miguu waende muji mukubwa wa jimbo kuomba haki ya kupiga kura. Polisi waliwapiga kwa marungu na kwa gazi. Wiki mbili nyuma yake wakaanza tena, pamoja na Muchungaji Martin Luther King. Njia yao ilikuwa kilometa 87, sawa na kutoka Likasi na kufika robo tatu ya njia ya Lubumbashi.

Usiku ine walilala njiani, katika hema. Usiku wa tatu mvua ilikuwa imenyesha, uwanja ulikuwa matope matupu. Nani aliwapa mahali? Wakulima weusi walifungua mashamba yao, na walijua kama wanaweza kupoteza kila kitu kwa neno hilo. Usiku wa ine walipokelewa kwenye uwanja wa Wakatoliki, City of St. Jude. Tarehe 25 walifika Montgomery wakiwa 25,000. Katika mwezi wa munane sheria ya kura ikatiwa mukono.

Mambo hayakuishia hapo. Wakulima waliojiandikisha kupiga kura walifukuzwa katika nyumba za wenye mashamba. Toka mwisho wa 1965 familia kadhaa zilikaa katika hema kando ya njia ileile, zaidi ya miaka miwili, na watoto, katika baridi. Watu walipaita Tent City, Muji wa Hema. Leo kuna nyumba ya kumbukumbu mahali pale.

MUCHANGA MWEUPE

Mwisho ni bahari. Kwenye Gulf Shores kuna parke yenye nafasi mamia za hema. Muchanga wake ni mweupe sawa chumvi, kwa sababu muto kwa muto maji yameusaga na kuuleta toka milima ya kaskazini, miaka na miaka. Mulima tuliouacha nyuma unatungojea chini ya miguu. Wakati wa joto kobe wa bahari wanapanda usiku kutaga mayai, na watu wanazima taa ili watoto wa kobe wasipotee.

Upande wa pili wa ghuba kuna muji wa Mobile. Mwaka wa 1860, miaka 52 nyuma ya Marekani kukataza kuleta watumwa toka Afrika, mashua Clotilda iliingia pale kwa siri na watu 110 hivi waliotoka Dahomey. Waliifichaje? Waliichoma, wakaizamisha. Utumwa ulipoisha, wale watu walitaka kurudi kwao, lakini hawakuwa na pesa ya safari. Wakanunua udongo kidogo kidogo, wakajenga kijiji chao, Africatown, na mwaka wa 1872 wakaanzisha kanisa. Wajukuu wao walisimulia habari hii, na wengine waliwacheka kama waongo. Mwaka wa 2019 wenye elimu walihakikisha kama mabaki ya mashua yamepatikana ndani ya maji. Wajukuu walikuwa wanasema kweli.

NA KWETU JE?

Wandugu, Alabama haikuwa nzuri kuliko kwetu, na damu iliyomwangika pale ni nyingi. Ila watu wengine wa pale wamekubali kuweka jiwe na kusema: hapa palifanyika hivi. Ni sawa Yoshua alivyotwaa mawe 12 katika Yordani, ili watoto wakiuliza, wapate jibu (Yoshua 4).

Sisi nasi tuna mahali petu pa kulala. Vijana wa Likasi wanaweza kwenda Mwadingusha na ziwa Tshangalele. Wengine waende maporomoko ya Kiubo ku muto Lufira, ao Lofoi ndani ya parke ya Kundelungu, ao Bunkeya kwa Msiri, pahali mumisionere Arnot alifika mwaka wa 1886. Jitayarisheni vizuri: ombeni ruhusa kwa chefu wa kijiji na kwa walinzi wa parke, ulizeni kwanza kama njia ina usalama, chemsheni maji ya kunywa, msilale karibu na mashimo ya zamani, wala ku muchanga wa muto wakati wa mvua. Lofoi mwisho wa kiangazi ina maji kidogo sana. Unga wa bukari na samaki wakavu hawatawaacha na njaa.

Lakini chukueni pia muzee mumoja, na usiku mumuulize. Mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi waliogoma walipigwa risasi ku uwanja wa mupira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Nani katika nyumba yenu anaweza kusimulia? Na miaka ya 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai, zilizofukuzwa katika nyumba zao, zililala nje kwenye gare ya Likasi na ya Kolwezi, siku nyingi, wengine miezi, wakingojea treni. Watu walikufa pale. Waliofukuza walikuwa na Biblia nyumbani, na waliofukuzwa nao. Kulikuwa pia jirani waliopeleka maji na bukari usiku kwa siri. Hiyo nayo isimuliwe.

Mutoto ambaye hajaambiwa kweli ataambiwa uongo na mutu mwingine, na uongo unatafuta siku ya kurudia kazi yake. Kwa hiyo tusiogope kusimulia katika nyumba za wakristo, bila kuchochea, bila kulipiza, mbele ya Mungu anayejua nani alilala wapi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Mahali nyumba yetu inasimama, nani alikaa mbele yetu? Aliondoka namna gani?
2. Maria Fearing aliuza nyumba yake akiwa na miaka 56. Sisi tunasema "nimekwisha kuzeeka" ao "ningali mudogo" kwa kazi gani ya Mungu?
3. Wakulima wa Alabama walifungua mashamba yao kwa watu wasio na mahali pa kulala. Nani leo katika muji wetu analala chini ya plastiki, na kanisa letu linajua jina lake?
4. Kama tungeweka jiwe moja la kumbukumbu katika muji wetu, tungeliweka wapi, na tungeandika nini?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutafunga mizigo kwa Bunkeya. Mubaki na amani ya Bwana.